Yamaha R9: Farasi Walewale, Sasa Wako Mlangoni

Jamani, nimeiona! Nimeikalia, nimeminya klachi yake, nimelala juu ya tenki lake kidevu kikigusa chuma, na tangu Jumamosi sina habari nyingine. Nilipita duka la pikipiki hapa Uingereza kununua kopo la mafuta ya cheni. Nafungua mlango, na pale katikati, ndani ya bluu ile ya mbio, Yamaha R9 imesimama kama inasubiri taa iwake kijani. Kopo nikalisahau palepale.

Anza na uso wake. Taa kubwa ni moja tu, imefichwa ndani ya tundu la hewa katikati ya pua, na juu yake yako macho mawili membamba yaliyokunja ndita. Pembeni yanachomoza mabawa mapana, ambayo kazi yake ni kulikandamiza gurudumu la mbele kwenye lami mwendo unapopanda. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa bawa, nikashuka nacho hadi kwenye fremu ya alumini. Fremu hiyo ina kilo 9.7. Chukua mfuko wa sembe wa kilo kumi mkononi: huo ndio uzito wa mifupa inayobeba injini na mwili wako ukiwa umelala kona! Hakuna fremu ya alumini nyepesi kuliko hii ambayo Yamaha wamewahi kuiweka kwenye pikipiki zao za aina hii.

Sasa tuje kwenye namba, maana ndizo zilizoniondolea usingizi.

Wapenzi wa pikipiki za sisi mia sita wote wanaijua R6 ya Yamaha. Ilizaliwa 1999, ikatamba miaka ishirini, na 2020 ukawa mwaka wake wa mwisho kuuzwa Ulaya kwa matumizi ya barabarani, baada ya kanuni za moshi za Euro 5 kuifungia mlango. R6 ile ya mwisho ilikuwa na nguvu za farasi 118. R9 ina 119. Utasema, farasi mmoja tu? Subiri kwanza! R6 iliwatoa farasi hao injini ikizunguka mara 14,500 kwa dakika. R9 inawatoa kwa 10,000. Na torki, ile nguvu inayokusukuma mgongoni unapovuta resi? R6 ilikuwa na nyutonimita 61.7, tena kwa mizunguko 10,500. R9 ina 93, kwa mizunguko 7,000 tu. Nusu nzima imeongezeka, na inafika mapema!

Mia sita niliyokuwa nayo zamani ilinifundisha maana ya namba hizi. Chini ya mizunguko elfu nane ilikuwa inasinzia. Ukitaka kulipita lori, shusha gia mbili, iache ipige ukelele, ndipo uende. Uwanjani, ukitoka kona na gia isiyo yake, mwenzako ameshapita. Farasi walikuwepo, ila waliishi mlimani, na kila ulipowahitaji ilibidi uwapandie.

Siri iko kwenye silinda. R6 ilikuwa na nne ndani ya sisi 599, yaani kila moja karibu sawa na injini ya bodaboda ya sisi 150. Bodaboda nne zimefungwa pamoja! Pistoni ndogo hivyo hupata nguvu kwa kukimbia sana. R9 ina silinda tatu ndani ya sisi 890, kila moja karibu mara mbili ya injini hiyo ya bodaboda. Kila mlipuko ni mzito, kwa hiyo hauhitaji kuharakishwa. Injini hii ndiyo inayoisukuma pikipiki nyingine ya Yamaha, MT-09, na anayeijua MT-09 anajua inavyotii kifundo cha mkono: unachoomba ndicho unachopewa, muda uleule.

Nikapanda. Kiti kiko milimita 830 kutoka chini, chini kidogo ya kile cha R6, na miguu yangu yote miwili ikakanyaga sakafu. Nikaiyumbisha kulia na kushoto katikati ya mapaja: kilo 195 tenki la lita 14 likiwa limejaa, na inayumba kama baiskeli! Usukani uko chini kiasi cha kukuinamisha kimichezo, lakini viganja havibebi mwili mzima. Kwa kukaa huku ningeweza kwenda kazini Jumatatu na bado nikawa na mgongo Jumanne.

Shika breki. Kalipa ni Brembo Stylema, mbili, zikibana diski za milimita 320, na hata pikipiki ikiwa imesimama, mkono wa breki unakupa ule ugumu safi unaoujua ukiugusa. Shokapu za mbele ni KYB za milimita 43, unazirekebisha upendavyo. Gia zinapanda na kushuka bila klachi. Ndani kuna kifaa kinachopima mlalo na mwinuko wa pikipiki kwa mihimili sita, kwa hiyo kompyuta inajua umelala kiasi gani kabla haijaamua kulizuia gurudumu lisiteleze. Iko mipangilio ya mvua na ya mtaani, na mingine minne ya uwanja wa mbio peke yake!

Aliyewahi kuzunguka uwanja wa mbio wa Brands Hatch anaijua Paddock Hill: kona ya kulia inayodondoka ghafla, kana kwamba mtu kakuvutia sakafu, halafu njia inapanda kilima kuelekea kona ya Druids. Kule chini, tumbo likiwa bado halijarudi mahali pake, ndipo ninapoitaka R9. Navuta resi katikati ya mizunguko, pikipiki inapanda.

Na waliokwisha kuipeleka mbioni wametoa jibu. R6 ilichukua ubingwa wa dunia wa Supersport miaka sita mfululizo, 2017 hadi 2022. R9 iliingia 2025, na msimu uleule wa kwanza Stefano Manzi akatwaa taji nayo!

Marekani ilitoka kwa dola 12,499. Ni fedha nyingi, nami nasema zinastahili, kwa sababu unanunua pikipiki ya kazini na ya Jumapili uwanjani kwa mkupuo mmoja. Farasi ni walewale walioipa R6 jina. Kilichobadilika ni makazi yao: wameshuka mlimani, wanakusubiri mlangoni.

Jumamosi hii narudi dukani. Kopo langu la mafuta ya cheni bado liko kwenye rafu, na sasa najua cheni ninayotaka kuipaka.