Pongezi kwa Wanaobeba Klabu Ofisini

Vijana wa Kaloleni, Kisumu, wanawataja wafungaji wa klabu ya soka ya Gor Mahia bila kukosea. Leo tuwapongeze wa ofisini. Chini ya mwenyekiti Ambrose Rachier, wakili kwa taaluma, ubingwa wa ligi ulirudi 2013 baada ya miaka 18, ukafuatwa na wa 2014 na 2015. Nicholas Musonye naye alitoka kwenye uandishi wa habari za michezo akawa katibu mkuu wa CECAFA, baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati, kwa takriban miongo miwili. Mmoja alikuja na sheria, mwingine na kalamu. Kijana unayetaka kuongoza soka, shika taaluma kwanza, kisha jifunze kusoma katiba na hesabu za klabu yako.