Mabega Kwanza

Baada ya swala ya isha, Majengo ya Pumwani, Nairobi, bado iko macho. Nje wauza viazi karai wanamaliza karai la mwisho, pikipiki zinapita zikielekea Gikomba, na ukutani kwa jirani redio inatangaza mpira. Ndani nimeunganisha simu na televisheni. Shangazi amekaa ukingoni mwa kitanda, leso mabegani, anangoja picha ianze. Nilimwambia ni ngoma ya Warusi, ya zamani, haina neno hata moja. Akaniuliza, "Sasa hadithi ataisema nani?" Nikamjibu, "Miguu, Shangazi." Akanyamaza, kama mtu aliyeahidiwa kitu atakachokikagua mwenyewe.

Filamu yenyewe ni ya mwaka 1961, baleti ya ukumbi wa Bolshoi wa Moscow, na inamhusu farasi mdogo mwenye nundu. Kisa ni cha kale, lakini aliyekitia katika mashairi ni Pyotr Yershov, kijana wa Siberia aliyekichapisha mwaka 1834, akiwa mwanafunzi wa miaka 19. Muziki ni wa Rodion Shchedrin, aliyeutunga kabla hajafika miaka 30. Miondoko ilipangwa na Alexander Radunsky, ambaye ndani ya filamu anacheza pia mfalme mzee mwenye tamaa. Ivan, kijana anayedhaniwa mpumbavu, ni Vladimir Vasiliev, wakati huo ana miaka 21 hivi. Binti Mfalme ni Maya Plisetskaya.

Kisa hakikumsumbua Shangazi hata kidogo. Ivan analinda shamba usiku, anamkamata farasi jike wa ajabu, naye anampa farasi wawili wazuri na mmoja mdogo mwenye nundu. Huyo mdogo ndiye rafiki. Ndiye anayemvusha kila mtihani mfalme anaompa: kumleta Binti Mfalme, kisha kuitafuta pete chini ya bahari. Hatujafika nusu Shangazi akasema, "Huyu ni paa wa Haamdani." Alisema kweli. Katika kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikisikia Zanzibar na kukichapa katika kitabu chake cha mwaka 1870, maskini Haamdani anachakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumuni, ananunua paa, na yule paa anamposea binti wa sultani na kumpatia jumba. Warusi na Waswahili hawakuketi baraza moja, lakini wote walimjua yule mnyama mdogo asiyetazamwa mara mbili, anayembeba mtu asiyetazamwa mara mbili.

Mimi, hata hivyo, sikuitazama filamu kwa sababu ya kisa. Hii ni mara yangu ya sita au ya saba. Kinachonirudisha ni namna Vasiliev anavyoucheza ujinga.

Fikiria ugumu wake. Huyu ni kijana aliyefunzwa tangu utotoni kunyoosha mgongo, kugeuza nyonga nje, kutua chini bila kishindo. Sasa anatakiwa aonekane hajafunzwa chochote. Angecheza ovyo kweli, tungeona mchezaji mbovu na si Ivan. Kwa hiyo kila kosa la Ivan limepimwa. Anaruka kama aliyesahau kwamba atashuka, mikono imemponyoka, magoti yamekunjwa kama ya wakulima wa Kirusi wanaocheza wamechuchumaa, na bado anatua penyewe, mapigo ya muziki yakimngoja. Tazama kichwa chake: mwili unayumba, kichwa kimetulia, macho yanajua yaendako. Hapo ndipo fundi alipojificha. Ili mtu aonekane hajui kwa namna hii, lazima ajue zaidi ya wote waliomo jukwaani.

Kisha mtazame farasi. Anachezwa na mwanamke, Alla Shcherbinina, na hakuna aliyemvika ngozi ya mnyama wala kumwinamisha kwa miguu minne. Ufarasi wake umewekwa kwenye vidole vya miguu na shingoni. Anasimama juu ya ncha za vidole, hatua fupi za haraka, goti likipanda kama la mnyama anayegusa ardhi ya moto, na shingo ikishtuka kabla ya mwili kugeuka. Mara ya kwanza nilitazama miguu yake tu. Mara ya tatu ndipo nilipoona kwamba husikia hatari kabla ya Ivan: anasimama ghafla na kugeuza shingo, na sisi tunaosikiliza muziki tunangoja pamoja naye. Mambo kama haya hayaonekani na mtazamaji mwenye haraka.

Plisetskaya alipoingia, Shangazi alivuta leso mbele na kuinama. Mwanamke huyu alikuwa amepita miaka 35, na alikuwa Bolshoi tangu 1943. Miaka yote hiyo imo katika mkono mmoja anaounyanyua. Mkono hauanzii kiganjani. Unaanzia mgongoni, unapita begani, unashuka kwenye kiwiko, unafika kifundoni, na vidole ndivyo vya mwisho kupata habari. Ndiyo maana unaonekana kama unapita majini. Nilikuwa nimetazama mikono ile mara nyingi nisijue siri yake iko wapi. Shangazi aliitazama dakika moja, akasema, "Huyu mtoto wa watu alifunzwa mabega kwanza."

Sikushangaa kwamba alilijua hilo. Alicheza lelemama hapahapa Pumwani alipokuwa msichana. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ukakusanya watu kutoka vijiji vya kale vya Nairobi, na waliotoka Pwani wakaja na ngoma zao. Lelemama ni ngoma ya wanawake isiyo na papara. Wanasimama safu moja, ngoma na upatu vinapigwa, na kazi karibu yote ni ya mikono na shingo, taratibu, kwa heshima, safu nzima ikipumua pamoja. Shangazi alinieleza kwamba msichana mgeni alikuwa akikimbilia kupamba vidole, na wakubwa wakimrudisha nyuma: tuliza mabega, mengine yatafuata. Miezi inapita hajaruhusiwa kuonyesha vidole. Kati ya Moscow na Majengo hapakuwa na mwalimu aliyesafiri, lakini mwili wa binadamu ni mmoja, na wenye subira huuona mlango uleule.

Naipenda filamu hii pia kwa uzee wake. Mara nyingi kamera inakaa mbali kiasi cha kutosha ili tumwone mchezaji kutoka unyweleni hadi ukuchani. Mruko unaonekana tangu goti linapokunjwa, juu, hadi kisigino kinaporudi chini. Hakuna aliyekata picha katikati ili kutuficha udhaifu. Sehemu ya baharini imefanywa kwa hila za filamu za zama hizo, picha juu ya picha, na jicho la leo linaziona hila zote. Lakini wachezaji hawakuitegemea hila. Wanacheza ukinzani wa maji kwa misuli yao wenyewe: ondoa mawimbi ya rangi, bahari bado ipo.

Mwishoni linakuja sufuria kubwa linalochemka. Mfalme mzee ameambiwa akioga humo atakuwa kijana. Anamtanguliza Ivan ili amjaribie. Sisi tunaoishi karibu na Kamukunji tunayajua masufuria ya ukubwa huo. Mafundi wa jua kali pale huyafua kutwa nzima, na ukisimama kusikiliza utaona kwamba nyundo haipigi kwa hasira. Inapiga kidogo, mahali karibu na mahali, mpaka bati bapa likubali kuwa tumbo la chungu. Fundi mmoja aliwahi kuniambia kwamba pigo kubwa hulichana bati. Nikiitazama miguu ya Vasiliev, namkumbuka yeye.

Leo vijana wa Nairobi nao wameingia katika kazi hii ya Vasiliev. Watoto wa Kibera na Mathare wamejifunza baleti madarasani, na Joel Kioko, aliyekulia Kuwinda, alifika hadi shule ya English National Ballet ya London. Mtu akiniuliza kwa nini ahangaike na ngoma ya mbali hivyo, nitamketisha mbele ya filamu hii na kumwomba atazame mabega.

Kwenye picha, farasi mdogo analiroga lile sufuria, Ivan anatoka mzima na mzuri, mfalme anajitosa na hatoki tena. Sasa Ivan anacheza kwa umbo jipya. Mgongo umenyooka, miguu imefunguka, na ghafla unatambua kwamba unyoofu huu ulikuwemo tangu mwanzo, umekunjwa ndani ya ule ujinga kama kanga ndani ya sanduku. Mimi nilitaka kumwonyesha Shangazi hilo. Yeye alikuwa na shaka nyingine.

"Haamdani alimsahau paa wake," alisema. "Paa akaugua, akatupwa kisimani, na yeye akajikuta tena jaani anachakura. Huyu naye, na farasi wake je? Rudisha, mwanangu. Rudisha pale kwenye sufuria."

Nikarudisha. Farasi akainamia mvuke, shingo ikatangulia, kisha bega. Shangazi alikuwa ametoa mikono yake chini ya leso. Bila kujua kama namtazama, bega lake la kulia lilishuka, likatulia, na polepole kiwiko kikaanza kulifuata.