Vidole Chini ya Taya

Yupo mzee mmoja hapa Miyuji, muuguzi mstaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kulaza watu thieta. Nusu kaputi, kama tunavyosema mitaani. Wengi wanaompa shikamoo njiani hawajui kwamba uhai wao uliwahi kushikiliwa na vidole vyake vitatu.

Vidole hasa. Usingizi ule hulegeza misuli, ulimi ukarudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Mzee alisimama kichwani pa mgonjwa, vidole vitatu vikiinua taya, mkono wa pili ukiminya mpira wa hewa, macho kwenye kucha na midomo isije ikabadilika rangi. Dawa inayozima maumivu hushusha presha pia, na yaweza kuzima pumzi. Ndiyo maana aliipenda ketamini: kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, ingawa wengine huamka wakisimulia ndoto za kutisha.

Lakini ufundi ulianza jioni ya kuamkia upasuaji. Alivuta stuli kando ya kitanda akauliza maswali yaliyoonekana ya umbea. Kuna jino linalocheza? Pombe unakunywa kiasi gani? Kwenu yupo aliyewahi kulazwa akapandwa na joto kali? Asubuhi aliuliza tena kuhusu chakula, maana alijua shangazi huwa hawaachi mgonjwa wao aingie kisuni na njaa. Bibi mmoja aliapa hajaonja kitu. Mzee akamtazama kidevu, akasema, "Mama, mlenda haujifichi," akamrudisha wodini. Ndugu walinung'unika. Hawakujua kwamba aliyelala vile hawezi kukohoa, na chakula kikipanda kutoka tumboni huteremkia mapafuni. Saa 6 bila kula si ukatili.

Wala ufundi huu haukuja wote kwa meli. Mwaka 1879, huko Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga akimpasua mama mjamzito aliyeleweshwa kwanza kwa pombe ya ndizi. Etha, dawa ya usingizi, ilikuwa imeonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, miaka 33 tu nyuma yake.

Sizikatai mashine. Kile kifaa kinachobana kidole huona oksijeni ikishuka kabla jicho halijaona. Ila juzijuzi, kwenye hospitali nisiyoitaja, shangazi yangu alisainishwa karatasi mlangoni pa thieta, na aliyemhoji alikuwa anachati. Alipozinduka akawa anaweweseka siku kadhaa, hatambui wajukuu. Hakuna aliyetuambia kwamba wazee huweza kuchanganyikiwa hivyo. Tukaanza kutafuta mchawi.

Nilimuuliza kijana anayesomea udaktari kwa nini hafikirii kubobea kwenye usingizi. Akacheka. "Wewe umeshasikia nani kapelekewa kuku kwa sababu mgonjwa aliamka?"