Ubao Mama wa Zamani na Hukumu ya Tarehe

Kabla ya mwaka 1995, kwa kawaida mtu aliyetaka kuzima kompyuta ya mezani aliibonyeza swichi, na swichi yenyewe ndiyo iliyoukata umeme. Mfumo wa uendeshaji haukuwa na kauli katika jambo hilo, na wajibu wake uliishia katika kuandika kwenye kioo kwamba sasa ni salama kuzima. Intel ilipotoa muundo wa ATX katika mwaka huo, swichi ilivuliwa mamlaka yake: volti 5 za akiba zikawa zaendelea kuufikia ubao mama hata kompyuta ikiwa imezimwa, na pawa saplai ikawa yangoja amri ya ubao huo ndipo iwake au izimike. Tangu hapo umeme ulikuwa amana mikononi mwa programu, na ilibidi iamuliwe ni programu ipi ikabidhiwe amana hiyo.

Jawabu la kwanza, lililokuwa limekwisha kutolewa na Intel na Microsoft mwaka 1992 kwa jina la APM, liliiweka amana mikononi mwa BIOS. Mfumo wa uendeshaji uliopenda kuzima kompyuta ulipeleka ombi kwa mwito wa 15h, ukiwa umeandika 5307h katika rejista ya AX, 1 katika BX kwa maana ya vyombo vyote, na 3 katika CX kwa maana ya kuzima. Yaliyofuata yalikuwa siri ya BIOS. Ulikuwa utaratibu mwepesi, lakini ulidai imani kubwa mno, kwa kuwa programu iliyoandikwa na mtengenezaji wa ubao, na aghalabu kujaribiwa kwa Windows peke yake, iliachiwa kuishika prosesa bila ya msimamizi. Watunzi wa Linux waliona hatari hiyo mapema, wakaizuia APM katika kompyuta zenye prosesa zaidi ya moja isipokuwa kwa kazi ya kuzima tu, wakaongeza na hiari ya kuiita BIOS kwa njia ya kale ya biti 16 pale ilipoanguka kwa njia ya biti 32.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa ACPI, na mamlaka yakapinduliwa. Sasa BIOS huandika wasia, na mfumo wa uendeshaji huusoma na kuutekeleza wenyewe. Yafaa kuutazama usomaji huo kwa karibu, maana uzuri wa kazi umo humo. Kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, hupekua kumbukumbu baina ya anwani E0000 na FFFFF, ikipiga hatua za baiti 16, ikitafuta alama ya herufi nane isemayo «RSD PTR», ya nane ikiwa ni nafasi tupu. Ikiipata, hujumlisha baiti 20 za mwanzo, na baiti ya chini ya jumla hiyo isipokuwa sifuri hukataa na kuendelea kutafuta. Kutoka hapo huongozwa hadi kwenye majedwali, na katika moja lao hukuta lugha ndogo iitwayo AML, ambayo sharti kerneli iwe na mkalimani wake. Thamani iliyowekwa chini ya jina _S5, yaani hali ya kuzimwa, huandikwa katika biti za 10 hadi 12 za rejista moja, kisha biti ya 13 huinuliwa, na umeme hukatika.

Basi, jumla sahihi yathibitisha kwamba jedwali halikuharibika. Haithibitishi kwamba lasema kweli. Mbao nyingi za miaka ya mwisho ya karne ya ishirini zilidai kuijua ACPI ilhali majedwali yake yalijaa makosa, na kompyuta ikaganda wakati wa kuwaka au ikapotewa na vifaa vyake. Hapo ndipo mafundi wa mifumo walipokimbilia kipimo kigumu, yaani tarehe ya BIOS. Windows XP iliweka mpaka wake tarehe 1 Januari 1999. Linux iliweka kipengele cha mwaka ambacho kila msambazaji aliweza kukijaza atakavyo, 2001 kwa mfano, na BIOS iliyotangulia mwaka huo ilinyimwa ACPI mpaka mwenye kompyuta aandike acpi=force katika mstari wa kuwashia.

Kipimo hicho chaonekana dhalimu, nacho kwa sehemu ni dhalimu. Chipu za Intel 440BX za mwaka 1998, zikiambatana na PIIX4E, zilikuwa na rejista zote zilizotakiwa. Taksiri ilikuwa katika maandishi, wala si katika ubao. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mlango ulibaki wazi, maana kinachohukumiwa ni tarehe ya BIOS, si umri wa ubao: mtu akiweka BIOS mpya iliyosahihishwa, ubao wa 1998 huvuka mpaka kwa haki. Nami naisifu njia ya Linux kuliko ile nyingine, kwa kuwa iliacha neno la mwisho kwa mwenye mali, aliyeweza kulijaribu leo na kulifuta kesho. Katika Windows XP uamuzi ulifanywa wakati wa kuisimika, na kuubadili baadaye kulihitaji kusimika upya.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi za shule na maofisi ziliwasili zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, hukumu hii iliwagusa watu wasiopata kuisikia. Kioo kilitangaza kwamba umeme wazimwa, nao haukuzimwa, feni ikaendelea kuzunguka. Na sababu mara nyingi ilikuwa kwamba ACPI imekataliwa kwa tarehe, na APM, ambayo huitwa tu pale ACPI isipokuwapo, haikupakiwa kushika nafasi yake.

Anayeufufua ubao wa namna hiyo na aanze kwa BIOS mpya, kisha acpi=force. Kompyuta ikizimika vizuri lakini kadi ya mtandao au ya sauti ikinyamaza, asiitupe ACPI yote: pci=noacpi huiachia kazi ya umeme na kuinyang'anya ile ya kugawa miito ya vifaa, ambayo katika majedwali ya zamani ndiyo iliyokosewa mara nyingi. APM iwe ya mwisho, na kwa kerneli ya biti 32 tu, maana ile ya biti 64 haina APM kabisa.