Zoezi la Pallof: kazi ya kiwiliwili kinachokataa kugeuka

Mtazame anayefanya zoezi la Pallof kwa ustadi, utadhani ni kazi ya mikono tu. Mkanda wa mpira umefungwa kwenye nguzo iliyo ubavuni kwake, usawa wa kifua. Anausukuma mbele kwa mikono miwili, anatulia, anaurudisha. Kumbe shughuli yote iko kiwiliwilini: mkanda unakivuta kigeuke, nacho kinakataa.

Zoezi lina jina la John Pallof, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Marekani. Linaoana na fundisho la Stuart McGill, mtafiti wa mgongo aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada: kazi kubwa ya misuli ya tumbo na kiuno ni kuuzuia mgongo usiyumbe wakati mikono na miguu inafanya kazi. Beki anayesukumwa begani akiukimbilia mpira anaihitaji nguvu hiyo hasa.

Tuanzie miguuni. Upana wake ni wa mabega, magoti yamelegea kidogo, makalio yamekazwa, mbavu zimeshushwa. Viganja vimeshika mkanda mbele ya kidari, na mtu amesogea mbali na nguzo mpaka mkanda ukakaza.

Sasa anasukuma, na hapa ndipo zoezi linapokuwa zito. Mikono ikiwa kifuani, mkanda unavuta takribani sentimita 25 mbele ya uti wa mgongo. Ikinyooka, umbali huo hukaribia sentimita 60. Mkanda umerefuka kidogo tu, lakini nguvu ya kukigeuza kiwiliwili imezidi maradufu. Misuli ya mshazari ya tumbo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Kwa hiyo sekunde 2 au 3 za kutulia mikono ikiwa imenyooka ndizo kiini cha zoezi. Anayeziruka amejinyima faida yake. Pumzi itolewe wakati wa kusukuma, isibanwe.

Makosa yanaonekana mapema: mikono inavutwa kuelekea nguzo, nyonga zinahama, mabega yanapanda masikioni, kiuno kinabonyea. Mara nyingi chanzo ni mkanda mgumu kupita uwezo. Sogea hatua moja karibu na nguzo, mvuto upungue. Nyonga zikiendelea kuhama, piga magoti yote mawili: vifundo vya miguu havitaweza tena kusaidia, na udhaifu wa kiuno utajionyesha wazi.

Seti 2 au 3 za marudio 8 hadi 12 kila upande zinatosha. Mwenye maumivu ya mgongo amwone mtaalamu kwanza. Ongeza ugumu pale tu rudio la mwisho linapokuwa safi kama la kwanza. Na kocha akazie macho kidari cha mwanafunzi wake: rudio ambalo kidari kimegeuka lisihesabiwe.