Moyo Uliosemeshwa: Al-Inkishafi na Taamuli ya Siku Hizi

Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, umepewa na wahariri wake majina mawili ya Kiingereza yasiyopatana. William Hichens, aliyeutoa mwaka 1939, aliuita kuamka kwa roho. James de Vere Allen, mwaka 1977, aliuita mafunzo ya roho ya maswali na majibu, kwa mfano wa vile vitabu vya dini wanavyokaririshwa watoto. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Aamkaye huona, aulizwaye hukaripiwa akikosa jibu. Mambo yote mawili yamo ndani ya utenzi, na katika zama hizi, ambapo taamuli imetoka misikitini na katika nyumba za watawa ikaingia hospitalini, yafaa kupambanua ni lipi kati yao liwezalo kumfaa mtu aliyeugua moyo.

Taamuli ya hospitalini ina historia fupi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, aliyekuwa amejifunza mazoezi ya Kibuddha, alianza katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya majuma kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu ya siku nyingi. Walifundishwa kukaa kimya, kufuata pumzi, na kutazama kila wazo linapopita pasipo kulifukuza wala kulihukumu. Baadaye Segal, Williams na Teasdale waliyatohoa mafunzo hayo kwa ajili ya sonona, na kitabu chao kikatoka mwaka 2002. Jaribio lao la kwanza, lililotangazwa mwaka 2000, lilionyesha jambo la kuzingatiwa: waliokwisha kupatwa na sonona mara tatu au zaidi walikingwa isiwarudie kwa wingi kama awali, bali waliopatwa mara mbili tu hawakuonekana kunufaika. Dawa hii, basi, ina mtu wake. Haimfai kila mwenye huzuni, na aliye katikati ya dhiki kali humhitaji daktari kabla ya mkeka wa kukalia.

Jambo la kwanza linalomfanya msomaji aukumbuke utenzi wa Pate ni ule mwendo wake wa kumtenga mtu na moyo wake. Mshairi hasemi kwamba yeye amehadaika. Asema na moyo, auita, auuliza kwa nini hauzingatii. Kwa tendo hilo dogo la sarufi, yule aliyekuwa amezama ndani ya wazo lake amepata mahali pa kusimama akalitazama. Wafundishao taamuli hutumia majuma kumfikisha mwanafunzi hapo. Sayyid Abdallah hufika mara tu baada ya dibaji yake ya sifa. Wapo watakaotaka kwenda mbali zaidi, waseme kwamba kile kina cha “ye” kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti ni mfano wa pumzi. Yafaa wasiseme. Kina cha kurudia ni ada ya tenzi, na tenzi za vita nazo zinacho.

Lakini kutazama na kukaripia ni mambo mawili. Katika beti za mwanzo moyo huletewa mfano juu ya mfano: dunia ni bahari iliyochafuka, ni mazigazi yamdanganyayo mwenye kiu, uhai ni taa katika upepo. Kila mfano una kemeo ndani yake. Mwisho wa utenzi ni vitisho vya Jahanamu, tabaka kwa tabaka. Kwa moyo uliolewa na mali, maneno hayo ni sawa, nao ndio moyo alioukusudia mshairi, mtoto wa mji uliokuwa umekula na kushiba. Mgonjwa wa sonona hakulewa. Yeye amekwisha kujikaripia usiku kucha bila msaada wa mshairi. Ukimwongezea hukumu, umemwongezea ugonjwa. Anayempa mtu huyo utenzi mzima kwa nia ya kumtuliza hakuusoma vema, wala hakumtazama mgonjwa.

Sehemu ya katikati ni kitu kingine. Hapo mshairi aupeleka moyo wake kwenye nyumba za Pate, mji uliodidimia kwa vita na ugomvi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, na mara sauti yabadilika. Aonyesha taa za kioo na shaba zilizoufanya usiku kuwa mchana, vyombo vya Kichina vilivyopangwa katika vidaka, vitanda vya fahari. Kisha, pasipo kupandisha sauti, aonyesha yaliyopo: makinda ya ndege wa mwitu yamelala katika vidaka vile, popo wananing'inia, buibui ametanda, nyenze wanalia kumbini. Katika beti hizi hakuna kemeo la kutajika. Mshairi ameacha kuhubiri, anahesabu. Jicho lakaa juu ya kitu kimoja mpaka limalize, ndipo liende kwa kingine, na huzuni, ambayo hapo kwanza ilikuwa wingu lisilo umbo, yapata mahali, rangi na sauti. Yaweza kusemwa bila kuzidisha kwamba hapa ndipo utenzi ulipo mkubwa, na ndipo jina lake, lenye maana ya kufunuka, linapotimia. Kinachofunuliwa ni nyumba, si adhabu.

Wanachuoni wa dini watapinga, na hoja yao ina uzito: kuzichukua beti za magofu ukaziacha za Jahanamu ni kuukata mti mizizi, kwa kuwa mshairi aliyaonyesha magofu ili moyo uiogope siku ya hesabu. Kusudi lake ndilo hilo, hapana shaka. Hata hivyo mshairi mwenyewe, alipofika kuuliza wako wapi waliokuwapo, hakuishia kwa masultani na matajiri wa mifano. Miongoni mwa wanaotafutwa yumo Ali bin Nasir, na hilo ni jina la baba yake. Mhubiri angeweza kulipita jina hilo, maana hoja yake haikulihitaji. Wafu wa Pate walimtosha. Limewekwa katika mizani kumi kama majina mengine, bila kilio na bila sifa ndefu, na ubeti waendelea.