Kamera Iliyopiga Magoti

Husemwa kwamba kamera ikishushwa chini, anayepigwa picha hugeuka mkubwa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Orson Welles, katika Citizen Kane ya mwaka 1941, aliagiza hata sakafu itobolewe ili kamera ishuke zaidi. Kane akasimama kama mnara, ingawa saa ile alikuwa ameshindwa uchaguzi. Yasujiro Ozu wa Japani naye aliishusha kamera, lakini kwa nia nyingine. Aliiweka karibu na mkeka, kama macho ya mtu aliyeketi. Watu wake hawakuwa majitu. Walikuwa wenyeji, na sisi watazamaji wageni wao.

Kushuka huko kwa Ozu ndiko kunakonigusa mimi wa Baray, maana pande zetu hizi za Karatu na Ngorongoro zilijulikana duniani kwa picha za kutoka juu. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitengeneza sinema yao, Serengeti darf nicht sterben, iliyotoka mwaka 1959, wakitumia ndege ndogo. Walikuwa wakihesabu wanyama, na kwa kuhesabu, juu ni mahali pake. Wala siidharau kazi iliyomgharimu Michael maisha yake. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Lakini kutoka juu mfugaji naye huwa doa kati ya madoa. Mwaka huohuo Serengeti ilitenganishwa na Ngorongoro, na Wamasai wakaondolewa Serengeti. Sisemi sinema ndiyo iliyowaondoa. Nasema doa ni rahisi kulihamisha kuliko uso.

Haya nayasema nikiwa na deni. Niliwahi kurudi nyumbani na kamera ya video ya kuazima, nikampiga picha mama akivuna vitunguu. Nilisimama juu ya tuta la mfereji, nikiogopa tope. Sasa mama hayupo. Katika mkanda ule naona kitambaa cha kichwa, mgongo, na mikono inayong'oa vitunguu. Uso haumo hata mara moja.

Binti yangu, aliyekuwa mdogo wakati ule, amechuchumaa mbele yake shambani. Kila tukiutazama mkanda huo hunisimulia jinsi bibi alivyokuwa akimcheka. Yeye aliona, maana alikuwa chini.

Kupiga magoti kungenigharimu kufua suruali tu.